Mpako wa upinde wa mbao: kutoka dalili hadi chanzo

Upinde ukishachongwa na kusawazishwa mpaka mikono yote miwili ipinde kwa namna moja, kazi iliyobaki huonekana ndogo: rangi kidogo, vanishi, kusubiri ikauke. Hapo ndipo pinde nyingi nzuri huharibikia. Rangi inatoka na mabaka, vanishi inakataa kukauka, mgongo unaota mistari baada ya kuvutwa mara chache. Matatizo haya hufanana kwa macho, huku vyanzo vyake viko mbalimbali. Fundi asiyejua chanzo huongeza mpako mwingine juu, na shida inazikwa badala ya kuondolewa.

Kwanza tuelewane majina. Mgongo ni upande unaotazama mnyama au shabaha. Tumbo ni upande unaomtazama mpigaji. Mikono ni zile sehemu mbili zinazopinda, juu na chini ya mshiko. Ninaposema rangi, nakusudia ile inayoingia ndani ya mbao na kubadili sura yake. Mpako ni kile kinachoziba vinyweleo au kukaa juu: mafuta, vanishi, shelaki (utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti), laka, nta.

Upinde unafanya mambo mawili ambayo meza haifanyi. Ukivutwa mpaka mwisho, nyuzi za mgongoni hutanuka kwa karibu asilimia 1 ya urefu wake na za tumboni hubanwa kwa kiasi kama hicho, na chochote kilichoganda juu yake hakina budi kufuata. Pili, nguvu yake hutegemea unyevu uliomo ndani ya mbao. Basi ukichagua mpako uliza kwanza: utapinda? Kisha: utazuia unyevu kiasi gani? Uzuri wa rangi uje baada ya hapo. Nashikilia mpangilio huu kwa sababu dalili nyingi zilizo hapa chini huanzia kwa mtu aliyeanza na uzuri.

Mistari ya nyufa imetokea baada ya kuvuta

Hakuna dalili nzito kuliko hii. Toa ugwe. Usivute tena, hata kidogo, mpaka ujue ufa uko kwenye mpako au kwenye mti, kwa sababu upinde unaokatika ukiwa umevutwa hurusha vipande usawa wa uso wako na wa aliyesimama karibu.

Chukua kipande cha pamba ukipitishe taratibu juu ya mstari, kutoka mshikoni kwenda nchani, kisha urudi. Pamba ikinasa, kuna unyuzi umeinuka: huo ni mti. Ikipita laini, bado hujamaliza. Kwangua mpako mahali padogo, upana wa ukucha, mpaka mbao tupu ionekane. Dondosha tone la wino uliozimuliwa kwa maji, subiri nusu dakika, panguza. Mbao nzima hubaki na kivuli hafifu kilicholingana. Mbao yenye ufa hubaki na mstari mkali ambao haufutiki kwa kitambaa. Doa la wino utaliondoa baadaye kwa msasa.

Wino ukionyesha mbao ni nzima, lawama ni za mpako. Mara nyingi utakuta ni vanishi ya sakafu ya poliyurethani, laka iliyopulizwa tabaka nyingi, au epoksi nene. Hizi zimetengenezwa ziwe ngumu zisichubuke chini ya viatu na sahani, na ugumu huo ndio unaozivunja zinapotanuliwa. Mistari yake hukata mkono kwa upana, hujipanga kwa nafasi zinazokaribiana, na huonekana zaidi katikati ya mkono ambako mpindo ni mkubwa. Kuongeza tabaka jingine hakusaidii kitu, maana tabaka jipya litafuata ufa wa zamani siku ya kwanza ya kuvuta. Kwangua zote, anza upya kwa mpako unaonyumbulika.

Lakini kwangua kwa adabu. Ukakamavu wa mkono wa upinde hufuata unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Mkono wenye unene wa milimita 12 ukipunguzwa milimita 0.2 tu unapoteza karibu asilimia 5 ya nguvu. Upinde unaovutwa kwa nguvu ya ratili 50 unashuka hadi kama 47 na nusu. Na ukisugua mkono mmoja kuliko mwingine, usawa wote uliouhangaikia umeondoka. Kwa hiyo ondoa mpako, simama unapoiona mbao, malizia kwa msasa namba 220 kwa kufuata nyuzi. Mgongoni kuwa mwangalifu zaidi: mgongo wa upinde wa gogo moja unatakiwa uwe pete moja ya mwaka isiyokatwa kutoka ncha hadi ncha, na msasa wenye pupa huitoboa.

Sasa, wino ukionyesha ufa uko kwenye mti, angalia uko upande gani na umelala vipi.

Mistari mifupi tumboni, inayokata mkono kwa upana, imejazana mahali pamoja kama makunyanzi, ni nyuzi zilizopondwa kwa kubanwa. Mahali hapo panapinda kupita kiasi kwa sababu ni pembamba kuliko majirani zake, na mpako hauwezi kuponya hilo. Dawa ni kurudi kwenye usawazishaji: punguza pande zote mbili za pale palipopondwa ili kazi igawanyike, ukubali upinde mwepesi zaidi. Mgongoni, unyuzi ulioinuka ukitoka ndani kuelekea pembeni ni hatari kubwa. Ukiwa mdogo unaweza kujazwa gundi nyembamba na kufungwa kwa uzi uliolowekwa gundi. Ukiwa mrefu, tundika upinde ukutani uwe pambo.

Ufa unaokwenda na urefu wa mkono, sambamba na nyuzi, bila kutoka pembeni, kwa kawaida ni alama ya mti kukauka. Gogo la Osage, mti wa Marekani wenye mbao ya njano, linazo nyingi. Jaza gundi nyembamba isiingie maji, endelea na kazi.

Kuna jaribio ambalo linaokoa taabu hii yote, nalo linafanywa kabla ya kupaka. Chana kijiti cha mbao ile ile, unene milimita 3, kipake rangi na mpako uliokusudia, kiache kikauke kabisa. Kisha kipinde kuzunguka ndoo yenye kipenyo cha sentimita 30, upande uliopakwa ukiwa nje. Kwa unene huo na mduara huo, uso wa nje unatanuka karibu asilimia 1, sawa na mgongo wa upinde uliovutwa. Mpako ukipasuka ndooni utapasuka na upindeni.

Mpako umekataa kukauka

Siku zimepita na mkono bado unanata. Vyanzo ni vingi, ila mahali unaponata huelekeza.

Ukinata kila mahali na ulitumia mafuta ya kitani, soma kopo. Mafuta ghafi ya kitani huchukua wiki nyingi kuganda, na kwenye hewa yenye unyevu huchukua zaidi. Yale yanayouzwa kama yaliyochemshwa yametiwa chumvi za madini kama kobalti na manganizi ili yashike upesi. Hayakauki kwa maji kuondoka, bali kwa kuvuta oksijeni, kwa hiyo yanataka hewa inayotembea na tabaka jembamba. Tabaka nene huganda juu, ndani hubaki uji, na baada ya siku chache ngozi ya juu inakunjamana. Panguza kwa tapentaini mpaka kitambaa kitoke kikavu, utundike upinde penye upepo, urudie kwa tabaka jembamba mno.

Na vile vitambaa. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo ya takataka hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka bila kiberiti. Karakana zimeungua hivi. Kila kitambaa kitandazwe peke yake nje mpaka kikakamae, au kitumbukizwe kwenye kopo la bati lenye maji. Wanafunzi wa karakana waambiwe hili siku ya kwanza, kabla ya kushika brashi.

Ukinata mahali pamoja tu, kwa kawaida kwenye mshiko au kwenye vipande vya nchani, uliza ni mbao gani hiyo. Mafundi wanapenda kuweka mpingo kwenye ncha ili ugwe usikate, na kwenye mshiko kwa urembo. Mpingo ni wa jamii ya Dalbergia, na mbao za jamii hiyo zina kemikali za asili zinazozuia mafuta na vanishi kuganda. Utakuta mkono wa hikori, mbao ngumu ya Marekani, umekauka vizuri na sentimita mbili za mpingo bado zinanasa vumbi. Ondoa kilichonata, futa mpingo kwa kitambaa chenye asetoni mpaka kiache kutoka rangi nyingi, na ndani ya saa hiyo hiyo paka tabaka mbili nyembamba za shelaki iliyoondolewa nta. Shelaki hukauka kwa spiriti kuruka tu, haina haja ya oksijeni, kwa hiyo kemikali zile haziigusi. Vanishi itashika juu yake.

Shelaki yenyewe nayo hunata ikiwa imezeeka. Iliyokwisha kuyeyushwa kwenye spiriti hupoteza uwezo wa kukauka kadiri miezi inavyopita. Dondosha tone kwenye kioo. Kesho yake ukucha ukiacha alama, imwage. Afadhali ununue magamba makavu na kuyeyusha kiasi cha kazi iliyopo.

Upinde umelegea msimu wa mvua

Watu huliweka hili mbali na habari za mpako, na kwangu ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Mshale uliokuwa ukiruka vizuri Juni unaanguka mapema Aprili. Ukitoa ugwe, upinde unabaki umejikunja badala ya kunyooka. Mpako kwa macho hauna kasoro.

Mbao hupeana unyevu na hewa bila kukoma. Hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 50 huifikisha mbao kwenye karibu asilimia 9 ya maji. Asilimia 65 huifikisha kwenye 12. Asilimia 80 kwenye 15 au 16. Pinde nyingi zinafanya kazi vizuri zikiwa kati ya 8 na 10, na hikori hupenda ukavu zaidi ya hapo. Kwa hiyo upinde uliochongwa Dodoma wakati wa kiangazi na kuhamishiwa Tanga au Mombasa unaenda kuishi mahali pasipoufaa, nyuzi za tumbo zinalainika, zinabanwa na hazirudi.

Mpako hauzuii unyevu, unauchelewesha. Lakini mipako haiucheleweshi sawa. Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, iliyoko Madison, Wisconsin tangu 1910, imepima jambo hili kwa muda mrefu, na matokeo yake yanawashangaza wapenzi wa mafuta: mafuta ya kupenya, ya kitani au ya mbegu za mti wa tung, huzuia mvuke kidogo sana hata yakirudiwa. Shelaki na vanishi za tabaka kadhaa zinashinda kwa mbali. Mafuta hukinga matone ya mvua kwa muda na hufanya mbao ionekane nzuri. Kinga ya mvuke ni kitu kingine. Nta peke yake ikipakwa kwa kitambaa ni dhaifu vilevile.

Shelaki ina udhaifu wake: inazuia mvuke vizuri, ila maji yaliyosimama juu yake huacha duara jeupe na spiriti huiyeyusha. Ndiyo maana upinde wa kuwinda kwenye umande naupendekezea shelaki chini na vanishi juu, na hiyo vanishi iwe ya boti. Vanishi ya boti ilibuniwa kwa milingoti, ambayo hupinda kwa upepo mchana kutwa juani. Ina mafuta mengi kuliko ya sakafu, hunyumbulika, na mara nyingi ina kinga dhidi ya miale ya jua. Paka kwa kitambaa na si kwa brashi. Tabaka la kwanza zimua nusu kwa nusu na tapentaini, zinazofuata sehemu mbili za vanishi kwa moja ya tapentaini, nne au tano kwa jumla, kila moja ikauke usiku mzima na kuguswa kwa msasa laini. Usisahau mapengo ya ugwe na ncha zenyewe. Hapo nyuzi zimekatwa na midomo yake iko wazi, maji huingia upesi kuliko mahali pengine popote.

Kama mbao ilikuwa na unyevu ulipoipaka, umeufungia ndani. Pima upinde kwa mizani ya jikoni kabla ya kupaka. Uzito usipobadilika siku kadhaa mfululizo, mbao imetulia na hewa ya hapo. Ukimaliza mpako pima tena, uandike. Upinde wa gramu 600 wenye maji asilimia 9 ukipanda hadi gramu 616 umefika asilimia 12, na mizani imekuambia kabla mshale haujakuambia. Kuukausha, uweke kwenye sanduku refu lenye balbu ndogo, joto lisizidi nyuzi 38 za Selsiasi, na uwe na subira, maana mpako unaochelewesha unyevu kuingia huuchelewesha kutoka pia.

Waliokausha tumbo kwa moto ili kulikakamaza wasubiri siku kadhaa kabla ya kuvuta na kabla ya kupaka. Mbao iliyotoka motoni ni kavu kupita kiasi na hukatika. Ule ukahawia unaotoka motoni, kwa njia, ni rangi nzuri isiyofifia wala isiyotoka mikononi.

Rangi ina mabaka, au haikuingia kabisa

Baka jeupe lenye umbo la kidole ni gundi. Baka lenye mpaka wa duara ni tone la gundi au la mafuta. Rangi haiingii palipozibwa, na gundi iliyokauka haionekani mpaka rangi ipite juu yake. Pangusa upinde mzima kwa spiriti kabla ya kupaka rangi: kwa dakika moja, mbao ikiwa imelowa, utaona mabaka yote kama yatakavyokuwa, na bado una nafasi ya kukwangua.

Mistari myembamba inayokata nyuzi ni alama za msasa. Rangi huzijaza na kuzitangaza. Rudi namba 120 kwa kufuata nyuzi, kisha 180, kisha 220, uishie hapo; mbao iliyosuguliwa mpaka ing'ae hunywa rangi kidogo.

Mistari ya giza inayofuata nyuzi, na katikati yake mbao iliyobaki nyeupe, ni suala la aina ya rangi. Hikori, eshi na Osage zina pete zenye vinyweleo vikubwa upande mmoja na mbao nzito iliyofumwa upande mwingine. Rangi ya chembechembe, ile inayotuama chini ya kopo, hujaa kwenye vinyweleo na kufutika kwingine. Ukitaka rangi iliyolingana tumia ile inayoyeyuka kabisa, ya maji au ya spiriti. Rangi ya spiriti ambayo mafundi viatu hupaka ngozi inafaa sana kwa upinde, inakauka kwa dakika na hainyanyui nyuzi. Kwa sababu ya upesi huo, ukisimama katikati ya mkono utaona mpaka. Zimua, paka mkono mzima kutoka mshiko hadi ncha bila kupumzika, rudia mara tatu badala ya kupaka mara moja nzito. Rangi ya maji hunyanyua nyuzi; lowesha mbao kwa kitambaa chenye maji, iache ikauke, isugue kidogo, ndipo uipake.

Mbao kama mepo na msonobari hunywa ovyo, hapa sana pale kidogo. Tabaka moja jepesi la shelaki iliyozimuliwa linasawazisha unywaji huo. Juu yake tumia rangi ya maji, kwa sababu ya spiriti itaiyeyusha.

Wapo wanaotaka weusi wa chuma, ule wa siki iliyolazwa na pamba ya chuma. Weusi huo hutokana na chuma kukutana na tanini, na mbao isiyo na tanini ya kutosha, hikori mojawapo, hutoka kijivu kilichopauka. Ipake kwanza chai ya rangi iliyokolezwa sana, ikauke, ndipo utie siki yako.

Osage (Maclura pomifera) nauombea heshima. Mti huu, asili yake Texas, Oklahoma na Arkansas, unabeba jina la watu wa Osage waliokuwa wakichonga pinde zake, na mbao yake ni ya njano kali ambayo haihitaji rangi ya dukani. Mtu akilalamika kwamba kitambaa chake au kamba ya mshiko imegeuka njano, haijatoka rangi yoyote aliyopaka: ni mti wenyewe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Wamarekani walitumia mbao hii kupata rangi ya khaki ya sare za jeshi. Tabaka la shelaki au vanishi linaizuia isihame. Akilalamika kwamba njano imegeuka kahawia, hilo ni jua. Vanishi yenye kinga ya miale hupunguza mwendo tu, na ukahawia ule wa dhahabu ni mzuri kuliko chochote utakachonunua.

Rangi inatoka mikononi au imechafua mpako

Mpako umeiyeyusha rangi. Kanuni ni kwamba rangi na mpako visitumie kimiminiko kimoja. Rangi ya maji chini, vanishi ya mafuta juu: sawa. Rangi ya spiriti chini, shelaki ikasuguliwa juu kwa kitambaa: shelaki ina spiriti, inaikokota rangi kutoka mkono wa upinde hadi kwenye kitambaa na kurudi. Ukitaka hizo mbili pamoja, tabaka la kwanza la shelaki lipulizwe au lipitishwe mara moja tu bila kurudia.

Weupe kama ukungu

Ulipaka shelaki au laka siku ya mvua. Spiriti na thina zinaporuka huupoza uso, mvuke wa hewani unatonea ndani ya mpako na kunaswa. Subiri siku kavu, pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo sana kama ni shelaki, au thina kama ni laka, na ukungu utatoka. Wa Pwani wapake saa tano asubuhi na kuendelea, umande ukishaisha.

Vitone vyeusi, na vishimo vidogo vya duara

Vitone vyeusi vilivyotokea baada ya mpako wa maji ni vumbi la pamba ya chuma lililopata kutu. Tumia nailoni ya kusugulia badala yake, na usiguse pamba ya chuma kabla mbao haijazibwa. Vishimo vya duara, ambamo mpako unakimbia kando kama maji juu ya mafuta, ni silikoni, kwa kawaida kutoka dawa ya kupuliza ya kung'arishia gari au kulainishia bawaba iliyotumika karakana hiyo hiyo. Futa kwa tapentaini, badilisha kitambaa kila mara, ziba kwa shelaki.

Mpako unabanduka juu ya ngozi au kano

Upinde uliofungwa mgongo kwa ngozi mbichi au kano kwa kawaida umegandishwa kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo hulainika ikipata maji. Kubanduka kwa mpako hapo ni dalili kwamba maji yameanza kuingia kutokea pembeni, kwenye ukingo ngozi inapokutana na mbao. Mpako wa maji usiguse sehemu hii. Kausha polepole kivulini, futa mafuta ya asili ya ngozi kwa spiriti, paka shelaki nyembamba, halafu vanishi ya boti, ukihakikisha ukingo wote umefunikwa. Vilevile vanishi ya poliyurethani hukataa kushika juu ya shelaki yenye nta, ndiyo sababu nasisitiza iliyoondolewa nta.

Unang'aa, au unanuka

Mng'ao kwenye mkono unaotembea humshtua mnyama kuliko rangi. Mpako ukishaganda kabisa, na vanishi huweza kuchukua hadi mwezi, isugue kwa nailoni laini kufuata nyuzi mpaka mng'ao uzimike, kisha nta ya nyuki kidogo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na Tanzania huwindi bila kibali, kwa hiyo wengi wanaosoma hapa watapiga shabaha. Kwao mng'ao ni suala la kupenda.

Harufu ni suala lingine. Mafuta ya sifa, yale ya papa, yanalinda mbao za majahazi vizuri, na kuna wanaoyajaribu kwenye upinde kwa sababu yapo karibu. Yananuka miezi, mnyama anayapata kabla hajakuona, na panya watautafuna mshiko usiku.

Upinde wa zamani, mpako usiojulikana

Usipake chochote juu ya usichokijua. Chagua mahali chini ya ngozi ya mshiko, dondosha spiriti. Ikianza kunata na kulainika, ni shelaki. Isipobadilika, futa, dondosha thina ya laka: ikiyeyuka ni laka, ikikunjamana na kuvimba ni vanishi, isipojali kabisa ni epoksi au poliyurethani iliyoganda. Tone la maji likizama ndani ya mbao mara moja, ni mafuta ya zamani yaliyokwisha, au mbao tupu. Juu ya mafuta yaliyokauka vizuri unaweza kupaka shelaki na kuendelea. Laka na epoksi zitoe. Halafu pima uzito wake, uache wiki moja mahali pakavu, pima tena, ndipo uchane kijiti cha mbao inayofanana na hiyo, mkole kwa mkole, hikori kwa hikori, ukakipinde kwenye ndoo.